Yasiyoingia Kwenye Muhtasari

Muhtasari unasema: kikao kilifunguliwa saa moja jioni,
ukumbi wa barafu, mji wa Zelena, Saskachewani,
wajumbe mia moja na kumi na wawili, akidi imetimia.
Hausemi kwamba bomba la joto lilikohoa kikao kizima,
wala kwamba viti havikutosha, wenyeji wakakaa
na wageni wakasimama ukutani na makoti yao
kama watu waliokuja kusomewa hukumu.

Mwaka juzi tulikuwa mia sita.
Kisha mgodi wa potashi ukafunguliwa
na Lorne Stuckey, anayepaka namba kwenye kibao cha kuingia mjini,
akaweka brashi chini. Siku hizi anaandika kwa chaki.

Mshauri alikuja na mchoro mrefu kuliko meza.
"Zelena ya miaka ishirini ijayo," akasema, akaukunjua.
Barabara pana. Miti miwili miwili. Mikahawa yenye meza nje,
na mama wa gauni la mikono mifupi
akisukuma kigari cha mtoto juu ya lami kavu.
Tukapewa stika, kila mtu tatu:
kijani kwa unachokipenda, nyekundu kwa unachokikataa,
ya njano sikumbuki ilikuwa ya nini.

Bibi Orysia Hnatiuk, miaka themanini na mmoja,
alivaa miwani, akauinamia mchoro
kana kwamba anatafuta sindano iliyomdondoka.
"Mwanangu," akasema, "hapa ni mwezi gani?"
Mshauri akacheka. Hakuna aliyecheka naye.
"Na theluji mtaimwaga wapi?"

Hilo niliandika hivi:
Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu hali ya hewa.

Lakini ndipo ukumbi ulipofumbua kinywa.
Dereva wa greda, ambaye kwa miaka tisa
sijamsikia akisema zaidi ya asante,
alisimama na kidole kinene chenye grisi:
huku upepo hujaza hadi madirishani,
shule msiipe mlango upande huu.
Delphine Cardinal akasema bonde mlilolipangia nyumba arobaini
mto hulidai kila Aprili;
wazee wake Wakrii walipita juu, ukingoni,
na haikuwa kwa kupenda kupanda.
Rodelio Macaraeg, wa zamu ya usiku, hakutaka mkahawa.
Alitaka taa. Saba tu, nguzo alishazihesabu,
toka kituo cha basi la mgodi hadi mlangoni kwake.
Mke wake hukaa dirishani
akilitazama giza lile mpaka limteme.

Mtu wa nyuma (simtaji, tunasali kanisa moja) akanong'ona:
wamekuja jana, leo wanadai taa.
Ukumbi wa barafu hauna siri. Rodelio alisikia.
"Mgeni ni siku mbili," Orysia akasema bila kugeuka,
"ya tatu mpe beleshi.
Huyu amefukua mlango wangu mara kumi na nne.
Wewe mara ngapi?"

Sijui nani aliupindua mchoro.
Nyuma ulikuwa mweupe, mweupe kabisa,
na kwa mara ya kwanza ukafanana na Zelena.
Tukachora hapo: kwanza rundo la theluji, kisha mto,
kisha njia za watu kati yake,
mistari iliyopinda, mingine imekosewa na kufutwa kwa mate.

Msidhani tulipatana.
Ghala la mbao la ngano, libomolewe au libaki?
Mmoja alilia. Mwingine alitoka kuvuta sigara, hakurudi.
Muhtasari: Imeahirishwa.

Katibu hana kura.
Stika zangu nilizikuta Juni, nikifua koti,
zimeng'ang'aniana mfukoni.
Ya kijani nimeibandika kwenye nguzo ya taa iliyosimamishwa
mkabala na kituo cha basi.
Bado sita.